Nepi za Kamba ya Mbele

Juzi tulimzika Anti. Pale kaburini mwanawe Ema, ambaye sasa ni mwanamume wa makamo mwenye kitambi na suti ya kijivu, alisema kwa sauti ya kukatikakatika kwamba mama yake alimfulia nepi kwa mikono yake mwenyewe, enzi ambazo sabuni ilikuwa haionekani madukani. Watu waliguna kwa huzuni. Wanakwaya walitikisa vichwa. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya rundo la udongo mwekundu, nikainamisha uso nikajifunika mdomo kwa ncha ya kitenge, na mama mmoja aliyekuwa kando yangu akanishika bega akidhani nalia. Nilikuwa najizuia nisicheke.

Najua, marehemu hasemwi vibaya. Basi sitamsema vibaya, nitamsema alivyokuwa, na kama yatatokea mabaya yatakuwa yametoka kwake.

Anti alikuwa mke wa Baba Mdogo, mdogo wake baba yangu. Kwa desturi yetu ningemwita Mama Mdogo, lakini siku ya kwanza tu nilipofika kwake mjini Karatu alinikatiza. "Mama Mdogo ni huko kwenu Baray. Hapa utaniita Anti." Alikuwa amekaa Arusha kwa dada yake kwa muda, akarudi na neno hilo, na viatu vya visigino, na namna ya kutembea kana kwamba ardhi inanuka. Ukimsikiliza ungedhani amezaliwa Ulaya akapotezwa njiani. Kumbe kwao ni Ganako, hapo tu, ungeweza kusimama nyuma ya nyumba yake ukaona moshi wa jiko la mama yake. Hakwenda kumwona mama huyo hata mara moja kwa muda wote niliokaa naye. Watu wa Ganako aliwaita washamba. Nyani haoni kundule, na huyu hata kioo alikuwa nacho.

Nililetwa kwake baada ya mavuno, nikiwa msichana ambaye meno ya mbele ndiyo kwanza yanamalizika kuota. Shule ya kijijini kwetu ilikuwa mbali, ng'ambo ya korongo, na mvua zikinyesha korongo halivukiki. Baba Mdogo alikuja Baray akamwambia baba: nipe Paskalina, mke wangu amejifungua anahitaji mtu wa kumshikia mtoto, na mwaka ukianza nitamwandikisha shule ya mjini. Baba alikubali kwa sababu ya hilo neno shule, si kwa sababu nyingine yoyote. Bibi yangu alinifungia mahindi ya kuchoma kwenye kitambaa, na njia nzima ndani ya lori nilikuwa najifunza kuandika jina langu kwa kidole kwenye vumbi la ubao wa pembeni, jinsi nilivyoonyeshwa na mtoto wa jirani. Nilikuwa najua herufi tatu za mwanzo.

Sasa sikilizeni ujinga wangu, maana nami nilikuwa nao. Kwetu mtoto mchanga alishinda mgongoni au mapajani, amefunikwa kipande cha kanga kilichochakaa, na akichafua alipanguswa, kitambaa kikasuuzwa, maisha yakaendelea. Kitambaa cheupe kilichokunjwa kwa pembe na kufungwa kwa pini nilikuwa nimekiona mara moja tu maishani: kwenye mguu wa babu, alipotoka zahanati baada ya kujikata kwa jembe. Kwa hiyo nilipoingia chumbani kwa Anti nikamkuta Ema amelala chali, kiuno chote kimefungwa kitambaa kizito cheupe chenye pini mbili kubwa za vichwa vya buluu, nilinyata mpaka kando ya kitanda. Nikauliza kwa sauti ya chini, kama watu wanavyouliza kwenye nyumba ya mgonjwa, "Anti, mtoto ameumia wapi?"

Alicheka mpaka akakaa kitandani. Kisha akatoka nje akamwambia jirani, na kesho yake akamwambia mwingine, na kwa miezi kadhaa kila mgeni aliyekuja alikaribishwa kwa chai na kisa cha Paskalina aliyedhani nepi ni bandeji. Mimi nikiwa papo hapo, nimembeba huyo "mgonjwa".

Nepi zenyewe zilikuwa na historia. Baba Mdogo alikuwa mhudumu kwenye hoteli moja kule juu Kreta, kwenye mbuga ya wanyama, na mke wa meneja wa Kizungu alipokuwa akifungasha kurudi kwao alimpa rundo zima, za kitambaa cha taulo, pamoja na pini zake. Wakati ule kitambaa kilikuwa shida. Duka la ushirika lilikuwa na rafu tupu na chumvi. Watu waliwavika watoto mashati ya baba zao yaliyokatwa, na hakuna aliyeona aibu kwa sababu wote tulikuwa hivyo. Anti tu ndiye aliyekuwa na nepi za Kizungu, na alizitangaza kuliko alivyomtangaza mtoto.

Nyuma ya nyumba kulikuwa na ua mzuri wenye kivuli cha miti ya mkaratusi na kamba ya kuanikia. Anti hakuitaka. Alimwambia Baba Mdogo afunge nyingine mbele, kati ya nguzo ya baraza na mti wa uzio, sambamba kabisa na barabara kuu. Barabara hiyo haikuwa na lami. Ilikuwa ya udongo wetu huu mwekundu unaoingia mpaka kwenye meno, na magari ya kupeleka watalii Kreta yalipita hapo asubuhi yakienda na jioni yakirudi, kila moja likiburuta vumbi lake. Nepi ilitoka kwenye maji nyeupe. Ikikauka ilikuwa na rangi ya chungu.

"Paskalina! Hii ndiyo umefua?"

"Nimefua, Anti. Ni vumbi."

"Vumbi, vumbi! Mbona mimi siliogopi vumbi? Mikono ya jembe hiyo. Rudia."

Nikarudia. Nilichota maji bombani, ambako foleni ilianza kabla jua halijatoka. Niliwasha moto, nikachemsha nepi kwenye debe, nikazisugua kwa majivu pale sabuni ilipokosekana, na ilikosekana karibu siku zote. Bado nina harufu ile puani: mkojo wa jana, majivu yaliyolowa, na moshi wa kuni mbichi. Kwa baridi ya Karatu ya miezi ile, ukungu ukiwa umekalia paa, vidole vyangu vilipasuka kwenye viungo, na majivu yakiingia kwenye mipasuko nilikuwa nauma shuka la mtoto nisipige kelele. Anti alikuwa amekaa barazani anapaka rangi kucha.

Yeye mwenyewe hakumbadilisha mwanawe hata siku moja nikiwapo. Ema akichafua, alimnyoosha mbele kwa mikono miwili, uso ameugeuza upande, akaita, "Paskalina, njoo umtoe huyu!" Amtoe nani? Mtoto wake! Wazee walisema mtoto akikunyea kiganja hukikati kiganja. Huyu angekata, na mtoto juu yake. Nilikuwa mdogo lakini nilimdharau kwa hilo kuliko kwa mengine yote, na dharau hiyo haijapungua.

Jirani yetu wa upande wa pili alikuwa Mama Zuhura, mke wa muuza duka, mama mnene wa Kiislamu mwenye mdomo usio na breki. Naye alikuwa na mtoto mchanga, na vitambaa vyake alivianika uani, ndani ya ukuta, vikawa vyeupe kama maziwa. Siku moja alisimama kwenye uzio akinitazama ninavyokung'uta vumbi.

"We mtoto, mwambie tajiri wako hizo nguo za mavi. Zinaanikwa nyuma."

"Anti anataka zionekane, mama."

"Zionekane na nani? Na swala wa porini?" Akacheka mpaka kifua kikatikisika. "Haya. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Njoo nikupe mafuta upake vidole."

Ila mimi sikuwa nawaza vumbi. Nilikuwa nawaza shule. Kila asubuhi watoto wa shule walipita barabarani na mifagio na ndoo zao, mashati meupe yaliyokuwa yameshakuwa mekundu kama nepi zangu, wakiimba jedwali la kuzidisha. Mimi niko kwenye kamba. Wengine walinipungia mkono, nikajifanya natafuta kibanio. Nilipomuuliza Anti lini nitaandikishwa, alinipa jibu ambalo nililishika kama ahadi ya kanisani.

"Siku Ema atakapoacha nepi, utaanza shule. Sasa hivi nani atambadilisha?"

Mtu mzima angejua kwamba hilo ni jibu la kumfukuza nzi. Mimi niliamini kwamba kilichokuwa kinanizuia shule ni nepi. Zile nepi zenyewe, kitambaa na pini. Nikaamini kwamba zikiisha kazi, mlango utafunguka. Kwa hiyo nikaamua kuziachisha kazi.

Namna ya kufanya hivyo niliijua. Kwetu hakuna mama anayengoja mtoto akue ndipo amfundishe haja. Bibi alikuwa akikaa chini, amenyoosha miguu, anamkalisha mtoto juu ya nyayo zake mbili, uso kwa uso, magoti yake yakimwegemeza, kisha anamfanyia "ssss" polepole. Anamfanyia hivyo akiamka, akishanyonya, na kila akianza kujinyonganyonga na kukunja uso. Mtoto anazoea. Akisikia ule mlio anajua. Wadogo zangu wote walizoeshwa hivyo, na kabla hawajajua kutembea walikuwa wakavu.

Nikaanza na Ema uani, nyuma ya nyumba, chini ya mikaratusi, Anti akiwa amelala au amekwenda saluni kwa rafiki yake. Namfungua pini, namkalisha kwenye miguu yangu, "ssss". Mwanzoni alikuwa ananitazama tu anacheka, kisha nikimnyanyua ananikojolea kifuani. Sikuchoka. Nilijifunza uso wake kama wengine walivyokuwa wanajifunza silabi. Akitaka haja ndogo, anaacha kucheza na anatazama mbali. Akitaka kubwa, nyusi zinakunjamana. Mvua za vuli zilipoisha alikuwa ameshaelewa. Anasimama dede, anashika sketi yangu, anatoa sauti, nampeleka nyuma, anamaliza, tunarudi. Nepi niliyomfunga asubuhi naitoa jioni ikiwa kavu, inanuka mtoto tu.

Ungedhani kuna mtu angefurahi. Siku ya kwanza niliyokaa bila kufua, Anti alitoka barazani akaona kamba tupu. Alisimama kana kwamba ameibiwa.

"Nepi ziko wapi?"

"Hazijachafuka, Anti. Ema hajikojolei tena. Namkalisha miguuni." Nilisema kwa furaha kabisa, maana nilikuwa nafikiri natangaza habari ya kwenda shule. "Ameacha nepi, Anti!"

Alinisogelea akanishika sikio. "Unamkalisha mwanangu chini kama mtoto wa Kimbulu?"

Mtoto wa Kimbulu! Yeye Mmbulu, mumewe Mmbulu, mimi Mmbulu, na huyo Ema Mmbulu wa kutoka juu mpaka chini. Nikanyamaza maana sikio lilikuwa mkononi mwake.

"Sikiliza. Sitaki kuona kamba hiyo wazi. Wapita njia watasema mwanangu anashinda uchi. Na huo ushenzi wa miguuni ukome."

Ya miguuni sikuyakomesha, kwa sababu Ema mwenyewe hakukubali tena kujichafua. Alilia nikichelewa. Kwa hiyo ikawa hivi: asubuhi namfunga nepi, namfungua akihitaji, namfunga tena, jioni naitoa kavu. Kisha nachukua nepi safi zilizokunjwa kabatini, naziloweka, nazikamua, naenda kuzianika kwenye kamba ya mbele zidondoshe maji, ili magari ya watalii yazipakae vumbi, ili nizifue kesho. Nilifua nguo ambazo hakuna mtu aliyezivaa. Nilichota maji kwa ajili hiyo na kukata kuni kwa ajili hiyo, vidole vikapasuka kwa ajili hiyo. Mama Zuhura aliponiona naloweka kitambaa kikavu aliniuliza nina homa.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa, ingawa polepole, kwamba nepi hazikuwa za Ema. Mwaka ukaanza, shule zikafunguliwa, watoto wakapita na mifagio mipya. Nikamkumbusha Anti. Akasema, "Ema si bado yuko kwenye nepi?" huku anapuliza kucha zikauke. Usiku huo nililia kwa hasira, na sijui kama nimewahi kulia kwa uchungu kama ule tangu siku hiyo, hata kwenye misiba.

Baba Mdogo alirudi kutoka hotelini mwisho wa mwezi kama kawaida yake, na Jumapili yake alasiri akaja Balozi wetu wa nyumba kumi, mzee mrefu mwenye koti la mvua alilolivaa hata juani. Alikuwa akipita kila nyumba kuulizia watoto wenye umri wa shule ambao hawajaandikishwa, maana lilikuwa agizo, na mzazi mbishi alipelekwa ofisi ya kata. Walikaa barazani. Anti alileta chai kwenye vikombe vya wageni. Mama Zuhura, ambaye pua yake ilinusa mgeni kutoka mbali, alikuja kuomba kiberiti akabaki. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye ngazi na Ema, nepi yake imefungwa na pini zinang'aa, na nyuma yetu kamba yote imejaa nepi zinazodondosha maji.

"Na huyu binti," Balozi akauliza, "anasoma wapi?"

Baba Mdogo akamgeukia mkewe. "Si ulisema ulimwandikisha?"

Nikaelewa kwamba Baba Mdogo naye alikuwa amedanganywa. Anti hakutetereka hata kidogo. Alitabasamu tabasamu lake la Arusha.

"Ataanza tu, Balozi. Tunangoja mtoto aache nepi. Unajua malezi ya sasa, mtoto mdogo habadilishwi na mtu yeyote tu. Mwenyewe unaona," akaonyesha kamba kwa kidole chenye rangi, "nepi zote hizo kwa siku moja!"

Ema akaacha kucheza. Akatazama mbali.

Sikupanga. Watu wengine watasema nilipanga, lakini mtoto haja yake haipangwi. Nilitoa pini ya kwanza, nikatoa ya pili, nepi ikaanguka. Nikateremka ngazi mpaka uwanjani mbele ya wote, nikakaa kwenye vumbi, nikanyoosha miguu, nikamkalisha Ema juu ya nyayo zangu kama Bibi. Anti akasema, "Paskalina!" kwa sauti ya kunichoma. Sikugeuka. Nikafanya "ssss".

Hakikutoka kitu. Ema alimtazama Balozi, akatazama koti la mvua, akacheka. Nilihisi shule inaondoka. Nilimwomba kwa macho, nikarudia "ssss", taratibu, kama maji yanayovuja kwenye ndoo. Nyuma yangu nikasikia kiti cha Anti kinasogezwa.

Ndipo Ema akakunja uso kidogo, akakojoa. Mkojo ulichora mstari mwembamba kwenye vumbi jekundu mpaka karibu na ngazi, chini ya viatu vya Balozi. Alipomaliza alinyoosha mikono nimnyanyue, mkavu, amejaa raha. Nikaokota ile nepi kwenye ngazi nikampa Baba Mdogo aishike. Aliipapasa. Akaigeuza.

"Kavu," akasema.

Balozi aliweka kikombe chini. Alitazama ile nepi, akatazama kamba ndefu iliyojaa, inayodondosha.

"Sasa zile pale ni za nani?"

Mama Zuhura alisogeza shingo mbele. Niliulizwa swali na mtu mzima, nami nikalijibu kama nilivyolielewa.

"Ni za Anti."

Mama Zuhura ndiye aliyeanza. Alicheka akashika nguzo ya baraza, akacheka akafuta machozi kwa ushungi, na Balozi akajifanya anakohoa ndani ya koti. Baba Mdogo hakucheka. Aliinuka akaingia ndani, na kesho yake Jumatatu alinishika mkono akanipeleka shule mwenyewe, kwa sketi ya kuazima kwa Zuhura, binti mkubwa wa jirani. Jina langu liliandikwa mbele yangu. Nilizitambua herufi zangu tatu.

Mtaa mzima ulimwita Anti "Mama Nepi" mpaka nilipomaliza shule. Nami hakuzungumza tena isipokuwa kunituma, na kamba ya mbele ilikaa tupu mpaka ikaoza.

Miaka yote hiyo nilifikiri alizitupa. Juzi baada ya mazishi, tulipokuwa tukigawa vitu vyake, Ema alinivuta chumbani akafungua sanduku. Zilikuwa humo, zimekunjwa kwa pembe nne, na pini mbili juu yake, vichwa vya buluu vimepauka.

"Dada Paskalina, nimeona moja uchukue wewe. Mama alikuwa anaziangalia kila mara. Alikuwa anasema, 'Nilizifua hizi mpaka vidole vikapasuka.'"

Vidole vyake! Nilimtazama mtoto wangu huyo mwenye kitambi, macho yamemvimba kwa kilio, na kwa kumpenda tu nikameza nililotaka kusema. Nilimshika shavu. Nikachukua nepi ya juu.

Nilitoka nayo mpaka barazani. Barabara ina lami sasa, magari yanapita bila kutimua hata chembe, na mtu angeweza kuanika pale shuka la harusi. Viatu vyangu vilikuwa vimejaa udongo mwekundu wa kaburini. Nikakaa kwenye ngazi ile ile, nikavifuta kimoja kimoja kwa ile nepi, kisigino na pembeni na chini, mpaka vikang'aa. Mjukuu wa Anti alikuwa ameshafunga kamba mpya mbele kwa ajili ya vitambaa vya msibani. Nikaianika hapo, nikaibana vizuri kwa vibanio viwili, upande wenye udongo ukitazama barabara.